Cheka kidogo: namna wapiga foto wanapata uso wa kweli

Bukavu – Familia ikifiwa, moja kati ya kazi za kwanza ni kutafuta foto. Ni ile ya kuweka katika kadre, itakayosimama karibu na jeneza, itakayobebwa mbele pamoja na msalaba, na mara nyingine itakayochapwa kwenye tisheti za wajukuu. Hapo watu wanaanza kufungua simu, masanduku, Biblia na bahasha za zamani. Mara nyingi kinachopatikana ni paka ile ya kadi ya uchaguzi. Kijana anatumwa mbio kwa wapiga foto wa Kadutu ao wa Nyawera, wanaipiga foto upya, wanaikuza, wanaisafisha kidogo kwa ordinatere. Kiisha watu wanakaa kwenye kilio mbele ya uso ambao hawaujui: macho yametolewa, midomo imekazwa, shingo imenyooka kama ya mtu anayengoja hukumu.

Marehemu hakuwa vile. Kila mtu aliyeketi pale anajua hakuwa vile.

Si kosa la mtu fulani. Kwa watu wengi nchini Congo kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chenyewe, kwani serikali ilikaa miaka mingi bila kutoa kadi ya uraia. Wakala wa CENI mwenye mashini ana watu mustari mrefu mbele yake, na anachotafuta ni uso unaoonekana wazi, basi. Kwa pasipoti sheria ni kali zaidi: kanuni za kimataifa zinaomba uso wa kawaida, macho wazi, mdomo umefungwa. Sababu iko: mtu akicheka mashavu yanapanda, macho yanapungua, mdomo unapanuka, na mashini inayolinganisha uso na foto inaweza kuchanganyikiwa. Kwa hiyo foto ya serikali haitafuti mtu wa nyumbani mwenu. Inatafuta namba yenye uso. Tena kadi nyingi zilizotolewa katika uandikishaji wa 2022-2023 zilifutika haraka, hata mwenye kadi mwenyewe akawa kama kivuli.

Foto ya pili, ile ya nyumbani, inabaki kazi ya familia na ya mpiga foto. Na hiyo ndiyo ngumu. Leo karibu kila kijana wa mjini yuko na simu yenye kamera, lakini ukiambia muzee asimame apigwe foto, anafanya uleule uso wa CENI.

Kuna kwanza neno lenyewe. Katika vitabu vya shule tunasoma «tabasamu». Lakini nani amekwisha kusikia mpiga foto wa Bukavu akimwambia mteja «tabasamu»? Anamwambia «cheka», «cheka kidogo», ao «onyesha meno». Na kwa Kiswahili cha huku, kucheka kunabeba mambo matatu: kuchangamsha uso bila sauti, kucheka kwa sauti, na kumcheka mwenzako, ni kusema kumzarau. Mama wa miaka 60 anayeambiwa na kijana wa umri wa mtoto wake «cheka mama, cheka» mbele ya wapita njia, hajui anaombwa lipi kati ya hayo matatu. Anachagua njia ya usalama. Anakaza uso.

Halafu, hata akikubali, kucheka kwa kuamriwa si kucheka.

Msuli wa shavu na msuli wa jicho

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Huko Paris, daktari mmoja Mfaransa, Guillaume Duchenne, alikuwa akigusisha nyuso za watu na umeme mdogo ili aone kila msuli unafanya kazi gani. Aliyemsaidia zaidi alikuwa mzee mmoja ambaye uso wake haukuwa ukisikia sana maumivu. Duchenne alipiga foto za majaribio hayo na kuzitoa katika kitabu mwaka 1862. Alipogusa msuli wa shavu, pembe za mdomo wa yule mzee zilipanda juu, meno yakaonekana, lakini uso haukuwa na furaha. Macho yalibaki yamelala. Mzee huyo alipochekeshwa kweli, msuli mwingine uliingia kazini: ule unaozunguka jicho. Unapandisha shavu, unapunguza jicho kidogo na kuleta mikunjo midogo pembeni.

Duchenne alisema msuli wa mdomo unatii mapenzi ya mtu, lakini ule wa jicho unatii furaha. Miaka kumi nyuma yake, mwaka 1872, Mwingereza Charles Darwin alitumia baadhi ya foto hizo katika kitabu chake juu ya namna watu na wanyama wanaonyesha hisia. Mpaka leo wachunguzi wanaita kicheko cha macho na mdomo kwa jina la Duchenne.

Wengine waliokuja nyuma walipima tena na kuona kwamba watu kadhaa wanaweza kukunja macho kwa kusudi, bila furaha yoyote. Waigizaji wanaweza, wanasiasa pia, ukiangalia mabango yao wakati wa kampeni. Hata hivyo kwa mtu wa kawaida mbele ya aparei, kipimo hicho kinasaidia. Chukua foto, ziba mdomo kwa kidole, angalia macho peke yake. Kama macho hayasemi kitu, kicheko ni cha midomo tu.

Ndiyo sababu hila ya kusema neno fulani haifiki mbali. Waingereza wanaambia watu waseme «cheese», Wafaransa «ouistiti». Yote mawili yana sauti ya «i» inayovuta pembe za mdomo. Hata «pilipili» ingefanya kazi hiyohiyo. Lakini ni mdomo peke yake unaovutwa; jicho halijui kama kuna pilipili.

Tulitoka wapi na uso mkali

Kuna watu wanaosema wazee wetu hawakupenda kucheka. Si kweli, wazee walicheka sana, paka si mbele ya aparei. Ulaya pia ilikuwa hivyo. Foto zilipoanza kujulikana mwaka 1839, mtu alipaswa kukaa bila kutikisika muda mrefu, na kulikuwa hata vyuma vya kushikilia kichwa kutoka nyuma. Huwezi kushika kicheko muda wote huo. Aparei zilipokuja kuwa nyepesi, desturi ilibaki: foto ni jambo kubwa, kama kwenda kwa notere. Kwa Ulaya na Amerika mambo yalibadilika polepole, hasa kisha kampuni ya Kodak kutoa mwaka 1900 aparei ndogo ya Brownie, ya dola moja, na matangazo yake kuonyesha watu wakifurahi.

Afrika, bei ya filimu iliendelea kuamua mambo. Seydou Keïta, mpiga foto mkubwa wa Bamako aliyefungua studio yake mwaka 1948, mara nyingi alipiga kila mteja foto moja tu, juu filimu ilikuwa ghali. Watu wake wamependeza, wamevaa, wametulia. Wachache sana wanacheka. Ukiwa na nafasi moja tu, hauichezei. Wazee wa huku waliojipiga foto katika studio miaka ya zamani walifanya hesabu ileile.

Jean Depara alifuata njia nyingine, na kwake ndiko kuna fundisho. Alizaliwa Angola mwaka 1928 na kuja kuishi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Aparei yake ya kwanza, Adox ndogo, aliinunua kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe. Kiisha akaanza kutembea nayo usiku katika mabaa, kwenye muziki, karibu na mwanamuziki Franco, kati ya vijana waliojivalia kama makoboi wa sinema. Katika foto zake watu wanacheka, wanakunywa, wanaegemeana. Depara hakuwa na hila ya kuwachekesha. Alienda kule ambako kicheko kilikuwa tayari kimefika.

Wapiga foto wazuri wa mjini, wale wanaozunguka siku ya kolasio ao komunio ya kwanza, wanajua hilo hata kama hawajasikia jina la Depara. Hawamkimbilii mwanafunzi wakati amejipanga na toga yake mbele ya maua. Hiyo wanaipiga, kwani anailipia. Lakini wanangoja pia dakika ile ambapo mama yake anafika kutoka Bagira ama Walungu na kumkumbatia. Hapo hakuna mtu wa kuambiwa «cheka».

Kazi inaanza kabla ya aparei kutoka mfukoni

Sasa tuseme hakuna sikukuu. Ni siku ya kawaida, na koko amekubali kupigwa foto kwenye baraza ya nyumba yake. Mpiga foto afanye nini?

Kosa linaloharibu foto nyingi ni haraka. Kijana anafika, anasema jambo, anatoa simu, «koko, angalia hapa». Mtu aliyelengwa hivyo anajificha ndani ya uso wake. Afazali kwanza kukaa. Kusalimia sawasawa, kuuliza habari za watoto, na kama koko ni wa Kabare ao wa Walungu, kuongea naye Mashi hata kama ni Mashi ya kuvunjika. Mashi mbaya ya kijana wa mjini inachekesha wazee kuliko mzaha wowote. Aparei ikae mezani, ionekane, izoeleke.

Wakati huo mpiga foto anaangalia nuru. Bukavu iko karibu na ikweta, na saa sita jua linasimama juu ya kichwa: paji la uso linang'aa, macho yanaingia gizani. Ukimgeuza mtu alitazame jua, anakunja macho, na mikunjo hiyo inaweza kudanganya watu kwamba ni furaha, kumbe ni kuumia. Kivuli cha ukuta, mlango ulio wazi, ao siku ya mawingu ni vizuri zaidi. Umeme wa SNEL si lazima. Keïta alipiga foto zake nyingi kwa nuru ya mchana. Kitambaa cheupe ao shitingi nyeupe ikishikwa upande wa kivuli inarudisha nuru usoni. Flashi ya mbele kwa mbele iachwe, inamshtua mtu na kuufanya uso kuwa bapa kama sahani.

Kiisha aparei ishuke. Ukiweka simu mbele ya uso wako mwenyewe, yule mwenzako anabaki akizungumza na simu, na hakuna mtu anayechekea simu. Ishike chini ya kidevu, ao isimamishwe juu ya kiti na vitabu, wewe ubaki na uso wako wazi. Kicheko kinaambukiza. Mpiga foto aliyekunja uso akitafuta vifungo hatapata kitu.

Halafu kuuliza. Si kuuliza «uko na furaha?», bali jambo lenye mtu ndani yake. Nani kati ya watoto wako alikuwa mtundu zaidi? Papa alikutana na mama wapi? Siku ya kwanza ulipoona Ziwa Kivu ulikuwa na nani? Muzee anaanza kujibu kwa uso wa kawaida, na katikati ya habari kuna pahali ambapo yeye mwenyewe anacheka mbele ya wengine. Mpiga foto mwenye uzoefu anaona inakuja: shavu linaanza kupanda, pumzi inavutwa. Hapo ndipo anagusa. Akingoja meno yote yatoke, amechelewa, na mara nyingi ile nusu ya kicheko ndiyo inafanana zaidi na mtu.

Kuhesabu «moja, mbili, tatu» kuna faida moja tu, kwa makundi, ili watu waache kuongea. Kwa mtu mmoja inamkaza. Kicheko cha kweli kinadumu sekunde chache. Kikingoja «tatu» kinaganda. Kuna wanaohesabu na kugusa kwenye «mbili», na kuna wanaofanya vizuri zaidi: wanapiga ile foto ya kukazwa, wanasema «sawa, imeisha, asante», na mtu anapopumua na kucheka kwa sababu mateso yamepita, wanapiga tena. Foto hiyo ya nyuma ya «imeisha» ndiyo familia nyingi zinaichagua.

Wanaosimama nyuma ya mpiga foto nao wanahesabika. Mjukuu wa miaka mitatu akiwekwa pale, koko anacheka bila kuombwa. Lakini kijana akipigwa foto mbele ya baba mkwe, usitegemee kitu. Mwombe baba mkwe kwa heshima aende kunywa chai kwanza. Kwa watoto, mpiga foto apige magoti. Mtoto anayepigwa kutoka juu anaonekana kama anayeogopa kupigwa fimbo. Kwa makundi, ni kupiga nyingi mfululizo: katika watu kumi na wawili kuna daima mmoja aliyefumba macho, na kwa kawaida ni bwana arusi.

Meno, machozi na heshima

Si kila mtu anataka kuonyesha meno. Kuna aliyeng'olewa, kuna ambaye yake yameharibika, na kuna mama ambaye tangu utoto alifundishwa kuziba mdomo kwa mkono akicheka mbele ya wageni. Kumlazimisha ni kumwaibisha. Na kwa kuwa jicho ndilo linalosema, mdomo uliofungwa hauzuii kitu. Hata mkono ule mdomoni unaweza kubaki ndani ya foto. Watoto wake wataujua mkono ule kuliko meno yoyote. Kwa upande mwingine, mwenye mwanya anajua kwamba ni uzuri, huyo hahitaji kusukumwa.

Kuna pia watu ambao uso wao wa kweli hauchangamki. Papa aliyekuwa mtulivu miaka 70 akipigwa foto akichekelea, watoto watauliza huyo ni nani. Kinachotafutwa ni uso ambao nyumba inaujua. Kama ni utulivu, basi utulivu, lakini uwe wake, si ule wa kuogopa aparei.

Na kuna ile biashara nyingine. Katika makambi ya wakimbizi wa ndani, zaidi ya mgeni mmoja mwenye aparei kubwa ameomba mama asicheke, ashike mtoto, atazame chini, ili foto iguse wafazili. Huzuni ya kuagizwa ni ndugu ya kicheko cha kuagizwa. Mama huyo, mgeni akiondoka, anarudi kucheka na jirani yake juu ya sufuria, na hakuna mtu aliyepiga foto ile. Ana haki ya kuuliza foto inaenda wapi, na haki ya kukataa.

Vijana wanaosema programu za simu zimemaliza shida yote waangalie vizuri. Ni kweli, tangu FaceApp ya mwaka 2017 simu inaweza kubandika kicheko juu ya uso mkali. Siku hizi kazi ya namna hiyo inafanywa hata na foto za marehemu, na wanaozikuza kwa ajili ya kilio wanaombwa «mumuchekeshe kidogo». Kwa mbali inapendeza. Kwa karibu ni meno ya mtu mwingine. Mjane atakaa nayo ukutani miaka, na kila siku ataona kitu ambacho hakiko pahali pake bila kujua ni nini. Kusafisha foto iliyofutika ni kazi nzuri. Kumpa marehemu kicheko ambacho hakuwahi kucheka, hiyo familia ijadiliane kwanza.

Foto nzuri ikipatikana, isibaki katika simu moja. Simu inaibiwa, inaanguka ziwani, na kule Kadutu moto unapopita nyumba za mbao hakuna anayekumbuka kadi ya memori. Itumwe kwa mtoto aliye mbali, na itumwe vizuri: WhatsApp inapunguza ukubwa wa foto ukiituma kama foto ya kawaida, na ikifika kwa mwenye kuikuza inakuwa vipande vipande. Ukiituma kama dokima, inafika nzima. Ichapwe hata moja kwenye karatasi, jina la mtu na mwaka viandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi, kwani wino wa bike unaweza kupenya hadi upande wa uso.